Isnadi ya Picha: Kompyuta, Tabibu na Swali la Kujua

Swali la kale la wanafalsafa kuhusu uhusiano wa kuona na kujua limerudi kwa sura mpya katika vyumba vya radiolojia, yaani vyumba ambamo mwili wa mgonjwa hupigwa picha ili kilicho ndani yake kijulikane bila kupasuliwa. Zamani tabibu alitazama ulimi, akapapasa tumbo, akasikiliza pumzi na kumhoji mgonjwa, na aliyoyasema yalikuwa maneno ya mtu aliye karibu na mwili anaouzungumzia. Leo, kati ya mwili huo na jicho la tabibu imeingia kompyuta, ambayo hupokea ishara kutoka kwenye mtambo wa picha, ikazigeuza kuwa tarakimu, ikazisafisha tarakimu hizo na kuzipanga upya, na mara nyingine ikatoa yenyewe kauli kwamba hapa pana ugonjwa na pale hapana. Watu husema kwa wepesi kwamba "mashine imeona". Insha hii inaihoji kauli hiyo: je, mashine imeona kweli, na ikiwa haikuona, yale inayoyaleta yapokewe kwa daraja gani la kujua?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba picha iliyochakatwa na kompyuta ni habari, yaani taarifa inayomfikia tabibu kupitia mikono mingi, na kwa hiyo inastahili kupimwa kwa kanuni ambazo watu wenye busara wamezoea kuzitumia kupimia habari. Katika utamaduni wa elimu uliokuzwa na Waislamu, ambao mwambao wa Afrika Mashariki umeurithi kupitia madrasa na darasa za misikitini, imo taaluma nzima iliyojengwa juu ya jambo hili, nayo ni elimu ya hadithi. Wanazuoni wake, akiwemo Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870, hawakutosheka kuuliza habari inasema nini, bali waliuliza pia imepitia kwa nani. Mlolongo wa wapokezi waliopokezana habari waliuita isnadi, na maneno yenyewe ya habari wakayaita matini. Kuitumia taaluma hiyo kuitazamia teknolojia ya tiba si kuilinganisha picha ya mapafu na maneno matukufu. Ni kukiri kwamba wanadamu walikwisha kufikiri kwa kina juu ya namna ya kuliamini jambo ambalo mtu hakulishuhudia mwenyewe, na kwamba fikra hiyo bado ina kazi ya kufanya.

Kabla ya kuifikia kompyuta, inafaa kukumbuka kwamba hata jicho la binadamu halioni kwa wepesi unaodhaniwa. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa mjini Kairo, alieleza katika kitabu chake cha Kitab al-Manazir kwamba mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni, kinyume cha waliodhani kwamba jicho ndilo linalorusha miale. Lenye uzito zaidi kwa mjadala huu ni kwamba alitenganisha kuhisi mwanga na rangi, ambako ni kazi ya hisi, na kukitambua kitu kinachoonwa, ambako ni kazi ya nguvu ya kupambanua, inayolinganisha, kukumbuka na kutoa hukumu kwa kasi kiasi kwamba mwenye kuona hajui kuwa amehukumu. Kwa mtazamo huo, mtaalamu anayesema kwamba anaona uvimbe hakupokea uvimbe kutoka kwenye picha. Alipokea weupe na weusi, na uvimbe ni hukumu aliyoitoa juu ya weupe na weusi huo. Kuona kwa maana kamili kuna hukumu ndani yake, na hukumu haikosi mwenye kuitoa.

Historia ya picha za tiba inaonyesha jinsi masafa kati ya mwili na hukumu yalivyozidi kurefuka. Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua miale ya eksirei huko Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895, na mwezi uliofuata akaupiga picha mkono wa mkewe, alichokipata kilikuwa athari: miale ilipita kwenye nyama, ikazuiwa na mfupa na pete, na bamba likabaki na alama ya tukio hilo kama mchanga unavyobaki na unyayo. Hali ilibadilika ilipokuja skani ya CT, mtambo unaopitisha eksirei mwilini kutoka pembe nyingi na kuiachia kompyuta kazi ya kukokotoa kila sehemu ya ndani imeizuia miale kwa kiasi gani. Msingi wa hisabati hiyo uliwekwa na Johann Radon mwaka 1917. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, alianza kulitafakari tatizo hilo mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Na Godfrey Hounsfield wa Uingereza akaunda mtambo ambao tarehe 1 Oktoba 1971 uliupiga picha ubongo wa mgonjwa wa kwanza katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Wawili hao, Cormack na Hounsfield, walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Picha ya mwanzo ilikuwa na vijiraba 80 kwa 80, yaani 6,400 kwa jumla, ilhali picha ya kawaida ya siku hizi ina 512 kwa 512, ambavyo ni zaidi ya 262,000. Lakini jambo la kuzingatiwa na mwanafalsafa ni kwamba tabaka la ubongo hai lililoonekana kiooni halikuwahi kuacha alama yake popote. Lilipatikana kwa kutatua milinganyo. Picha ilikuwa imetoka katika daraja la athari na kuingia katika daraja la natija, yaani hitimisho la hesabu.

Daraja la tatu limekuja na akili mnemba, yaani programu ambazo hazikupewa kanuni moja moja na mwanadamu, bali hujitungia kanuni zake kutokana na maelfu ya picha zilizotangulia. Programu za aina hii huweza kuchukua vipimo pungufu vya MRI, mtambo unaotumia sumaku na mawimbi ya redio, na kujazia yasiyopimwa kwa kufuata yaliyozoeleka katika picha zilizotumika kuzifundisha. Hapo kinachopatikana ni kisio, kwa sababu sehemu ya picha imetokana na mwili wa mgonjwa aliyelala mtamboni, na sehemu nyingine imetokana na miili ya watu waliopita kabla yake. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba programu ya kugeuza picha ya MRI ya aina moja kuwa ya aina nyingine, ikiwa imefundishwa kwa mifano iliyoelemea upande mmoja, inaweza kuongeza uvimbe usiokuwepo au kuufuta uliopo, huku picha ikibaki safi na yenye kuaminika machoni. Athari, natija na kisio ni daraja tatu tofauti za ukaribu na ukweli wa mwili, na kosa la kwanza la zama hizi ni kuziita zote kwa jina moja la picha.

Hata pasipo akili mnemba, njia ya kutoka mwilini hadi kiooni ina wapokezi wengi, na kila mpokezi hufanya jambo ambalo wa baada yake hawezi kulitengua. Wa kwanza ni kigunduzi, kifaa kinachoipokea miale na kuigeuza kuwa tarakimu, kila pikseli, yaani kijiraba kimoja cha picha, ikipewa namba ya ukali wake. Anayefuata ni chujio, ambalo ni hesabu ya kuondoa chenga, yaani vidoa vya bahati nasibu visivyotokana na mwili bali na mtambo wenyewe. Chujio la wastani wa kati, kwa mfano, huiangalia kila pikseli pamoja na majirani zake, likazipanga namba zao kwa ukubwa na kuipa pikseli hiyo namba iliyo katikati. Kazi hiyo ni njema, lakini chujio halijui kupambanua kidoa cha mtambo na chembe ya chokaa ndani ya titi, ambayo inaweza kuwa dalili ya mapema ya saratani, kwa kuwa vyote viwili ni vidogo, ving'avu na vya pekee. Kisha huja kizingiti, yaani namba inayoamuliwa kuwa mpaka, ambapo pikseli zilizo juu yake huhesabiwa kuwa kitu na zilizo chini yake huhesabiwa kuwa mandharinyuma. Njia iliyopendekezwa na Nobuyuki Otsu mwaka 1979, ambayo bado inatumika sana, huutafuta mpaka unaoyatenga vizuri zaidi makundi mawili ya pikseli. Na uhodari wake ndio udhaifu wake, kwa sababu itatoa mpaka hata pale ambapo mwili wenyewe haukugawanyika makundi mawili, bali umetoka uzimani kwenda ugonjwani polepole kama alfajiri inavyotoka usikuni.

Mpokezi mwingine anayestahili kutazamwa kwa makini ni dirisha, kama wataalamu wanavyoliita. Katika skani ya CT kila sehemu hupewa namba katika kipimo kilichoitwa kwa jina la Hounsfield, ambacho maji ni 0 na hewa ni -1,000, huku mifupa migumu ikifika mamia na hata kuvuka 1,000. Daraja hizo ni nyingi mno kuliko vivuli vya kijivu ambavyo jicho la mtu linaweza kuvitofautisha, kwa hiyo mtumiaji huchagua sehemu tu ya kipimo na kuitandaza kati ya weusi na weupe. Akichagua dirisha la mapafu, mishipa midogo ya pafu hujitokeza na mifupa huwa weupe mtupu. Akichagua dirisha la mifupa, ufa mwembamba huonekana na pafu huzama gizani. Tarakimu ni zilezile, mgonjwa ni yuleyule, na hakuna dirisha lililo la uongo, ila hakuna linaloonyesha yote. Picha ya tiba, kwa hiyo, siku zote ni jibu la swali ambalo mtu fulani aliamua kuliuliza, na asiyelijua swali hawezi kulifahamu jibu barabara.

Wanazuoni wa hadithi walimtaka mpokezi awe na sifa mbili kubwa: uadilifu, yaani uaminifu wa dini na tabia unaomzuia asiseme uongo, na dhabti, yaani uthabiti wa kuhifadhi na kufikisha alichokipokea bila kuongeza wala kupunguza. Kompyuta ikipimwa kwa mizani hiyo hutoa matokeo ya kustaajabisha. Katika dhabti inaweza kumshinda binadamu yeyote, kwani haichoki, haisinzii, na programu ileile ikipewa tarakimu zilezile huweza kurudia hesabu ileile mara elfu. Lakini katika uadilifu haipimiki kabisa, si kwa kuwa ni mwongo, bali kwa kuwa uadilifu ni sifa ya anayeweza kusema uongo akajizuia. Mashine haina kinachoizuia wala kinachoisukuma. Haimhurumii mgonjwa, haiogopi hesabu ya Siku ya Mwisho, wala haioni haya mbele ya jamaa wa marehemu. Uadilifu katika mlolongo huu unabaki kwa waundaji waliozichagua picha za kufundishia, kwa waliozinunua na kuzikagua mashine, na kwa tabibu anayetia sahihi, na hakuna ufundi unaoweza kuuhamishia ndani ya chuma.

Elimu ya hadithi ina msamiati mmoja ambao unaingia katika suala hili kana kwamba ulitungwa kwa ajili yake. Hadithi inaweza kuwa na isnadi iliyotimia na matini yenye kupendeza, kumbe ndani yake mna dosari iliyojificha ambayo hugunduliwa na mabingwa peke yao. Dosari hiyo huitwa ila, neno la Kiarabu ambalo pia maana yake ni maradhi, na ambalo katika Kiswahili limebaki na maana ya kasoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifichua ila ya namna hii katika programu za kutambua nimonia kwenye picha za eksirei za kifua. Picha za mafunzo zilikuwa zimetoka katika hospitali tofauti za Marekani, na katika moja ya hospitali hizo karibu asilimia 34 ya picha zilikuwa za wenye nimonia, ilhali katika nyingine ni karibu asilimia 1 tu. Programu ilijifunza kutambua picha imetoka hospitali gani, kwa kuzingatia mambo kama alama ya chuma inayowekwa pembeni mwa picha na mpiga picha, na kujua hospitali kukaisaidia kukisia ugonjwa. Majibu yalikuwa sahihi kwa wingi, lakini sababu yake haikuwa pafu, na programu ilipopelekwa kwenye picha za hospitali nyingine mara nyingi uwezo wake ulipungua. Katika falsafa, imani iliyo sahihi kwa sababu isiyo sahihi haijaitwa elimu tangu zama za Wayunani. Katika tiba, imani ya namna hiyo humwangukia mgonjwa wa hospitali ya pili.

Baada ya isnadi huja matini, yaani kuipima habari yenyewe kwa mengine yanayojulikana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 uliwapiga picha za MRI watu 98 wasio na maumivu ya mgongo, na asilimia 52 yao walikutwa na angalau diski moja ya uti wa mgongo iliyofura kidogo. Picha hizo hazikudanganya, kwa sababu diski zilikuwa zimefura kweli. Ambacho hakikuwepo ni ugonjwa. Maumivu hayana pikseli, na Waswahili walikwisha kusema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa hiyo maelezo ya mgonjwa hayawezi kufanywa porojo za kungojea picha itoke, kwani ni ushahidi wa upande ambao hakuna mtambo uliowahi kuufikia, na picha isiyopimwa kwa maelezo hayo ni matini isiyofanyiwa ukaguzi.

Kupima huko kunahitaji pia kutofautisha dhana na yakini, maneno mawili ambayo Kiswahili kiliyapokea pamoja na mjadala wake wote. Ichukuliwe kwa mfano wa hesabu programu inayowatambua wagonjwa 9 katika kila 10 na kuwaachilia wazima 9 katika kila 10. Ikipelekwa kwa watu 1,000 ambao 10 tu kati yao ni wagonjwa, itawashika wagonjwa 9 pamoja na wazima 99, kwa hiyo kati ya watu 108 walioambiwa wana ugonjwa, aliyenao kweli ni mmoja katika kila 12. Programu hiyohiyo ikipelekwa kwa watu 1,000 ambao nusu yao ni wagonjwa, itawashika wagonjwa 450 na wazima 50, na hapo wenye ugonjwa kweli ni 9 katika kila 10. Mashine haikubadilika hata chembe, lakini thamani ya neno lake imebadilika kutoka dhana dhaifu hadi dhana yenye nguvu. Katika hali zote mbili ni dhana, na kumtangazia mtu kwamba ana ugonjwa mzito kwa lugha ya yakini ilhali kilichopo ni dhana ni kumdhulumu, hata kama mtangazaji alikuwa na nia njema.

Haki inadai kwamba shahidi wa kibinadamu naye apimwe vilevile, maana hana kinga ya makosa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, wataalamu 24 wa radiolojia walipewa skani za mapafu watafute vinundu vidogo, na ndani ya skani moja ikapachikwa picha ya gorila mwenye ukubwa wa mara 48 ya kinundu cha wastani. Wataalamu 20 hawakumwona. Jicho lililofundwa kutafuta jambo moja hupofuka kwa jingine, na hapo mashine inaweza kuwa msaada mkubwa. Lakini msaada huo una sharti lake. Utafiti mwingine wa mwaka 2023 uliwapa wataalamu 27 picha za matiti pamoja na mapendekezo waliyoambiwa yametoka kwa akili mnemba: wale wasio na uzoefu walipatia karibu asilimia 80 pendekezo lilipokuwa sahihi, wakaanguka hadi karibu asilimia 20 lilipokuwa la makosa, na hata wenye uzoefu mkubwa kabisa walishuka chini ya nusu. Kila mwenye kujua mambo ya ushahidi anaifahamu sababu yake: mashahidi wawili wana nguvu kuliko mmoja iwapo kila mmoja ameshuhudia peke yake, lakini shahidi wa pili akisikia kwanza maneno ya wa kwanza, wamekuwa shahidi mmoja mwenye sauti mbili.

Wapo wanaoona kwamba kuyafichua ya ndani ya mwili ni kuingilia ghaibu, yaani elimu ya yaliyofichika ambayo Mwenyezi Mungu ameihodhi. Wanazuoni wa tauhidi hutofautisha ghaibu ya moja kwa moja, ambayo hakuna kiumbe anayeifikia, na ghaibu ya kulinganisha, ambayo imefichika kwa mmoja na kudhihirika kwa mwingine mwenye nyenzo. Uvimbe ulio ndani ya ini ni wa aina hii ya pili, na kuutafuta kwa ajili ya tiba ni kutumia neema ya akili. Hatari ya kiimani iko kwingine, nayo ni kuipa mashine cheo cha asiyekosea, au kumpunguza mgonjwa mpaka alingane na picha yake. Muislamu anayeamini kwamba mwili ni amana, na Mkristo anayeamini kwamba mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, wanakutana katika jambo hili moja, kwamba mtu ni zaidi ya anavyoonekana kiooni. Kiswahili cha serikali nchini Tanzania humwita mwenye dhamana ya fedha za umma afisa masuuli, na masuuli kwa asili yake ni mwenye kuulizwa. Mashine inaweza kutoa jibu, lakini haiwezi kuwa masuuli, kwa sababu ukiiuliza kwa nini ilimhukumu mgonjwa huyu hivyo haina dhamiri ya kujibia wala cha kupoteza.

Suala hili halitakiwi kuahirishwa. Mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika mahali pa msomaji wa kibinadamu katika kusoma picha za kidijitali za kifua ili kubaini wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Na Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya shirika hilo ya miaka ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Pendekezo lenyewe limewekewa mpaka wa busara, kwani neno la programu ni la kuchuja, na anayeshukiwa hupelekwa kwenye kipimo cha makohozi ili ushahidi wa pili upatikane. Mahali ambapo daktari mmoja wa radiolojia anategemewa na mkoa mzima, kuikataa programu kama hiyo kwa jina la heshima ya binadamu kungekuwa kumwacha mgonjwa akohoe hadi afe, na kuipokea bila kupimwa kwenye picha za watu wa mahali hapo kungekuwa kuamini isnadi ambayo nusu ya wapokezi wake hawajulikani.

Kwa hiyo wajibu wa wenye dhamana unaweza kutajwa kwa uwazi. Wanaonunua programu wadai kujua ilifundishwa kwa picha za nani, na waijaribu nyumbani kabla ya kuiamini. Wanaoandika ripoti waeleze picha imepitia hatua gani, na kama kuna sehemu iliyojaziwa kwa kisio, jambo hilo litajwe. Tabibu aisome picha na kuandika maoni yake kabla ya kufunua kauli ya mashine, ili mashahidi wabaki wawili. Na mgonjwa, akiambiwa kwamba mashine imeona, ana haki ya kuuliza ni nani aliyehukumu, na ni lazima awepo mtu wa kumjibu kwa jina lake.